Kilo Moja Iliyobaki Nyumbani

Kila siku kabla ya kwenda shuleni, Kanini alipitisha mkanda wa ngozi juu ya kichwa, akabeba mtungi wa maziwa mgongoni na kupanda kilima hadi kituo cha deri, kilichonunua maziwa ya wakulima, karibu na soko la Kianjokoma. Baba yake, Nyamu, alitangulia mikono mitupu, shingo ndefu, akitazama kama jirani yao Mugendi ameshafika.

Wanaume hawa wawili hawakupendana hata kidogo. Kila mwaka, siku ya mkutano wa wakulima, karani alisoma jina la aliyeleta maziwa mengi kuliko wote. Tangu Kanini alipokuwa Gredi ya Pili, jina hilo lilikuwa la Mugendi. Sasa alikuwa Gredi ya Sita, na Nyamu alikuwa ameapa kumshinda. Nyumbani hakuna aliyegusa maziwa. Mayai yalienda sokoni, nyama ilionekana Krismasi tu. Familia ilikula githeri ya mahindi na maharagwe na kunywa strungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa, ilhali ng'ombe wawili walikuwa zizini.

Shingo ya Kanini ilianza kuuma. Baadaye maumivu yalishuka hadi mkono wa kulia, na vidole vikawa vinakufa ganzi hata kalamu ikamshinda kushika. Alipomwambia baba yake, alijibiwa kwa ukali.

"Wewe huumwa tu ukiona mtungi. Huo ni uvivu."

Asubuhi moja walipofika kituoni, Kanini alijaribu kuutua mtungi. Vidole havikushika. Mtungi ulianguka na maziwa yote yakamwagika miguuni mwa Mugendi, ambaye alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mugendi amekupa nini ndio uniaibishe hivi?" Nyamu alimfokea binti yake mbele ya watu wote.

Kanini alitamani ardhi immeze. Alimchukia Mugendi, akauchukia mtungi, na siku hiyo alimchukia baba yake pia.

Mama yake, Ann, aliposikia, alikasirika kupita kiasi. "Baba Kanini, leo mtoto anaenda hospitali. Ukitaka kugombana, tutagombana tukirudi."

Nyamu aliwafuata, si kwa huruma, bali ili asikie daktari akisema ni uvivu.

Daktari Winrose alimpima Kanini shingo na mkono, akatazama ulimi wake, akamwambia afumbe macho na kusema ni kidole kipi kinachoguswa. Kanini alikosea mara tatu. "Huwa anakula nini?" daktari aliuliza.

Nyamu alidakia kabla Ann hajafungua mdomo. "Mimi ni mkulima wa maziwa, daktari. Kwangu maziwa ni mengi. Huyu hunywa mpaka anabakisha."

Daktari akaanza kuandika. Kanini aliiona kalamu ikitembea, akajua kwamba atapewa vidonge vya maumivu na kesho atarudi kwenye mtungi. Baba yake alimkazia macho. Aliogopa sana, lakini mkono wake ulikuwa unawaka kwa maumivu.

"Si kweli," alisema. "Maziwa yote huenda deri. Sisi hunywa strungi. Hata mayai hatuli."

Kalamu ilisimama. Nyamu aliinamisha kichwa. Ann hakumwokoa mumewe, kwani alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka minne.

"Mzee, ulikuwa karibu kunifanya nitibu ugonjwa mwingine," daktari alisema bila kutabasamu. "Huenda mwili wake umekosa vitamini, lakini si kila shingo inayouma inatokana na hilo, kwa hivyo tutapima damu."

Majibu yalionyesha kwamba Kanini alikuwa na upungufu wa vitamini B12. Daktari aliwaeleza kwamba vitamini hiyo hulinda mishipa ya fahamu, nayo hupatikana katika maziwa, mayai, nyama na samaki. Ikipungua kwa muda mrefu, mtu anaweza kuhisi ganzi na kuwaka mikononi. "Mtungi uliumiza shingo, na upungufu huu ukazidisha maumivu. Atachomwa sindano, atakula vizuri, na asibebe mzigo tena kwa kichwa."

Tangu siku hiyo Nyamu aliubeba mtungi mwenyewe. Miezi ilipita, na ganzi ikaondoka polepole. Asubuhi moja, Kanini akipita kituoni na mkoba wa shule, karani alipima maziwa ya Nyamu. Mugendi alichungulia mizani.

"Umepungukiwa tena na kilo moja," alimkejeli. "Ng'ombe yako imezeeka?"

"Haijazeeka," Nyamu alijibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Hiyo kilo moja iko kwa shingo ya mtoto wangu."

Mugendi aliiacha mizani, akaenda kuchukua mtungi wake.

Siku ya mkutano, jina lililosomwa lilikuwa la Mugendi kwa mara ya tano. Nyamu alipiga makofi mawili makavu, akaweka mikono mfukoni. Walipokuwa wakirudi nyumbani, alimwambia Kanini, "Nilitaka kusifiwa na watu, nikamwita mgonjwa mvivu na nikamdanganya daktari. Chakula cha shamba kianze kwa watoto wa shamba. Na wewe, daktari akikuuliza, sema ukweli kama siku ile, hata baba yako akikutolea macho."

"Nitasema, Baba," Kanini alijibu, na kwa mara ya kwanza hakumwogopa.