Mfungo Uliomkondesha Wambeti

Wambeti wa Karurumo alipika kwa kuni tangu utotoni. Kila asubuhi alipuliza moto, akakohoa, akapuliza tena. Daktari alisema moshi umeharibu mapafu yake, na ugonjwa huo hauponi kabisa.

Mumewe, Kithaka, alikuwa mzee wa kanisa. "Mama Nyamu, ufunge," alimwambia. "Mungu atafungua kifua."

Wambeti akafunga kila Jumatano na Ijumaa. Hata siku za kula, pumzi ilimkatika akitafuna, akaacha chakula. Alikonda mpaka sketi zikamvuka.

"Umekuwa msichana tena!" majirani walimtania.

Ijumaa moja mwaka wa 1998, alikohoa akichambua maharagwe. Kitu kikalia "ka!" mgongoni. Akapiga yowe. Hakuweza kunyooka.

Hospitalini, muuguzi Karwirwa aliwaonyesha picha ya eksirei. "Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea."

"Kwa kikohozi tu?" Kithaka aliuliza. "Hata hakuanguka!"

"Mifupa yake imedhoofika, mzee. Ugonjwa wa mapafu huchangia, na kukonda pia. Mafuta ya mwili hutoa homoni, yaani ujumbe unaopita kwenye damu na kugusa hata mifupa. Mtu akikonda sana, ujumbe huo hubadilika. Wataalamu bado wanauchunguza."

"Kwa hivyo tuliomba vibaya?"

"Kuomba, ombeni. Lakini mgonjwa huyu asifunge."

"Mgongo utanyooka?" Wambeti aliuliza.

"Hapana, mama. Na nyonga ikivunjika, huenda usitembee tena."

Wambeti alilia. "Sitaki kubebwa chooni kama mtoto."

"Basi kula kidogo kidogo, mara nyingi. Uji wa wimbi wenye maziwa, mayai, maharagwe. Tembea kila siku. Meza dawa. Ukae mbali na moshi."

Kithaka akaanza kupika mwenyewe.

"Mzee, siku hizi umeolewa?" wenzake walimcheka.

Kithaka alikoroga uji, machozi yakimtoka. "Moshi huu, Mama Nyamu! Miaka yote hukuniambia?"

"Nilikuwa nikikohoa. Hukusikia?"

Kesho yake Kithaka alitoboa dirisha jikoni.

Kifua hakikupona. Mgongo ulibaki umepinda. Siku nyingine Wambeti alimwomba Mungu amchukue tu. Lakini aliongeza mwili kidogo, na mfupa mwingine haukuvunjika.

Mvua za Machi zilipoanza, alikwenda chooni akishika ukuta, akisimama kuvuta pumzi. Kithaka alimfuata, mikono tayari.

"Rudi, Baba Nyamu," Wambeti alisema. "Nitafika."