Pakiti ya Tyhali

Mvua ya Cape Town hupiga ubavuni, kwa hiyo klabu ya dawa ya kitongoji cha Khayelitsha, wanapogawiwa dawa zao kwa pamoja, ilijaa watu waliolowa upande mmoja. Zimkhitha, kilemba cha njano na buti nyekundu, alikuja kumchukulia kaka yake Luyanda dawa za virusi vya UKIMWI, maana Luyanda alikuwa kwenye ujenzi mbali. Akaketi kando ya kijana mwenye ovaroli la bluu lililopigwa pasi. Hebu fikiria, ovaroli la kupigwa pasi!

"Dada, umekalia kofia yangu."

"Mimi nilidhani ni mto wa wageni."

"Basi kaa nayo. Ila niambie kwanza ukoo wenu."

Zimkhitha akacheka. Kwao mtu hatongozi kabla ya kujua ukoo, asije akamposa dada yake. Yeye alikuwa MaDlamini, binti wa ukoo wa Dlamini. Kijana, Mncedisi Tyhali, fundi wa magari, alikuwa wa ukoo wa Bhele. Kizuizi hakuna.

Wakaulizana hilo, lile lingine wasiulizane. Mhudumu aliita majina ya familia tu, hivyo Zimkhitha akadhani Mncedisi anamchukulia mzazi. Naye Mncedisi akadhani binti anazimeza mwenyewe, kama wengi mle ndani. Mapenzi yakakolea: maandazi ya moto Jumamosi, simu kila jioni, kondomu kila mara. Mncedisi hata akamwandikisha Zimkhitha achukue pakiti ya Tyhali siku yeye atakayokwama gereji; binti bado akadhani ni ya mzazi.

Kisha ikaja simu moja.

"MaDlamini wangu, Alhamisi tuonane klabu?"

"Siji tena, Bhele. Luyanda amerudi, atajichukulia."

"Na zako utachukua wapi?"

"Zangu nini?"

"Dawa zako, za klabu."

"Mncedisi, wewe unamchukulia nani?"

"Najichukulia mimi. Miaka sasa. Zimi, virusi havionekani tena kwenye damu, siwezi kukuambu—"

"Hayo nayajua! Ndiyo niliyomhubiria mke wa Luyanda alipomkimbia, mpaka akarudi nyumbani. Kumbe kuhubiri ni rahisi."

Akakata.

Zimkhitha alipimwa, akakutwa hana virusi. Hofu haikuondoka. Alimkasirikia Mncedisi kwa kutosema, akajikasirikia kwa kutouliza, na zaidi ya yote akaona aibu kwa hofu yenyewe. Simu za Mncedisi zikaita mpaka zikanyamaza.

Alhamisi Mncedisi alichelewa makusudi, hakutaka kukiona kile kiti kitupu. Mhudumu, Mama Nokuzola, alikuwa anapanga viti.

"Tyhali, pakiti yako imeshachukuliwa."

"Na nani, mama?"

"Yule uliyemwandikisha. Maswali mpaka kichwa kinaniuma! Ameze na chakula? Akisahau je? Nikamwambia, mwanangu, unataka kumtibu au kuolewa naye?"

"Akasemaje?"

"Kamuulize. Yuko nje, mlango wa nyuma, anakula."

Zimkhitha alisimama chini ya bati, mfuko wa maandazi mkononi, pakiti ikichungulia mfukoni mwa koti.

"Bado naogopa," akasema. "Sitaki kukudanganya."

"Najua. Nilipaswa kukwambia siku ya kofia."

"Na mimi ningeuliza. Lakini kukaa bila wewe nimeshindwa, Bhele. Nimeshindwa kabisa." Akampa pakiti, kisha andazi. "Mama anasema unameza saa mbili usiku. Nitakuwa nakupigia kukukumbusha."

"Kila siku? Hadi lini?"

"Hadi wajomba zako waje kwetu kuniposa, tukae nyumba moja. Hapo sitapiga simu. Nitakuletea maji."