Filamu Ambayo Naserian Hakuiona

Kila Jumamosi asubuhi, Naserian alifagia ua, akaosha vyombo vya chai na kujaza mitungi kabla mwuza maji hajawaelekeza punda wake mtaa wa pili. Kazi hizo zilipokwisha, mamake alimpa simu, naye akaingia kabatini.

Kabati hilo lilikuwa la nguo, na ndilo lililokuwa studio yake. Pale kwao Kitengela hapakuwa na mahali pengine penye utulivu. Upande mmoja wa nyumba palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, na upande wa pili kanisa ambalo kwaya yake ilianza mazoezi mapema. Lakini katikati ya makoti ya babake na magauni ya mamake, sauti ilitoka safi. Rafiki yake Waruguru, aliyesoma naye Gredi ya Saba, alibanana naye humo, magoti yakigusana, wakarekodi podikasti yao iliyoitwa "Kiti cha Mbele".

Walizungumza kuhusu filamu, vibonzo, wanamuziki na mitindo ya nywele ya waigizaji. Utaalamu hawakuwa nao. Waruguru alipenda kucheka na Naserian alipenda kuongea, na hayo yaliwatosha. Siku moja walijadili kwa kirefu kwa nini watu katika filamu za kutisha hawawashi taa wakiingia nyumbani. Mamake Naserian akafungua kabati ghafla akitafuta sweta, na swali lake, "Kwani ni nani amekalia sweta yangu?" likabaki kwenye kipindi.

Naserian aliamini kwamba wasikilizaji wao walikuwa wanafunzi wachache wa darasani na shangazi yake aliyeuza shanga Namanga. Hakujua kwamba Zipporah, mwenye saluni karibu na lango lao, alikifungulia kila kipindi kwenye spika, na wateja wake wakasikiliza huku wakisukwa.

Muhula huo, bango kubwa lilibandikwa ukutani karibu na soko. Lilitangaza filamu mpya iliyotengenezwa na vijana wa Kajiado, "Mbuzi wa Nashipai". Kwenye picha, bibi harusi alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Kando yake palikuwa na mwanamume aliyeinua rungu, na mbuzi mweupe aliyefungwa kamba. Filamu ingeonyeshwa kwanza mjini Kajiado siku ya Ijumaa, kisha Jumamosi ya wiki iliyofuata ije katika ukumbi wa kanisa, Kitengela.

Mjomba wake Naserian, Parsaoti, aliahidi kumpeleka Kajiado. Naserian hakungoja hata siku hiyo ifike. Alitangaza kwenye podikasti kwamba yeye ndiye angekuwa mtu wa kwanza Kitengela kuitazama na kusimulia. Darasani wenzake walianza kumpisha mlangoni.

Ijumaa ilipofika, ng'ombe wa mjomba akaugua. Mjomba alipiga simu akiomba radhi na kueleza kwamba alikuwa anamngoja daktari wa mifugo. Naserian alibaki kwenye ngazi ya mlango, amevaa gauni lake la Krismasi, mpaka mamake akamwambia aingie ndani ale.

Kesho yake, ndani ya kabati, alimwambia Waruguru kwamba wangeizungumzia filamu ile hivyo hivyo.

Waruguru alimkumbusha kwamba hakuna kati yao aliyeiona. Naserian akamjibu kwamba bango wameliona, na filamu nyingi zinafanana. Bibi harusi analia, mwanamume ana rungu, mbuzi amefungwa kamba. Ni wazi kwamba mbuzi anakufa.

"Na wakituuliza?" Waruguru akauliza.

"Nani atatuuliza? Hakuna mtu wa Kitengela aliyeenda," Naserian akasema, na akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Akasimulia vizuri kuliko siku zote. Alisema Nashipai alimlea mbuzi yule tangu akiwa mdogo, na kwamba siku ya harusi baba mkwe alimchinja mbele ya macho yake. Alisema watu wa Kajiado walitoka ukumbini wakilia hata wakashindwa kuona njia. Waruguru, ambaye mwanzoni alikunja uso, alivutwa na hadithi hiyo akajikuta ametoa mlio wa mbuzi anayekata roho. Mlio ulikuwa mzuri, wakaurudia.

Kisha Naserian akakumbuka kwamba mchambuzi wa kweli hasifu kila kitu. Ilibidi apate mwigizaji wa kumkosoa. Akawaza kwamba filamu ya harusi haiwezi kukosa nyanya wa bibi harusi.

"Wote waliigiza vizuri isipokuwa yule nyanya," akasema kwa sauti nzito. "Alisahau maneno. Alizungumza kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Angebaki tu nyumbani."

Kipindi kilienda hewani jioni hiyo.

Jumatatu, Naserian alipotoka shuleni, alipitia saluni ya Zipporah kuchukua ufunguo wa nyumba kama kawaida. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukausha nywele walikuwa wanajifuta macho. Mmoja akamshika mkono na kumweleza kwamba hangeenda kuitazama filamu hiyo ng'o, kwa sababu hata kuku akichinjwa yeye hutoka nje. Wengine wakasema hivyo hivyo. Zipporah naye alijisifu kwa wateja wake kwamba mtangazaji ni mtoto wa jirani.

Naserian alitaka kutabasamu, lakini akamwona aliyeketi kwenye benchi karibu na mlango, mfuko miguuni. Alikuwa Koko, nyanya yake wa Kiserian. Alikuwa amefika bila kutoa habari, akakuta nyumba imefungwa, na Zipporah akamkaribisha asubiri pale ndani.

Naserian alimsogelea na kuinamisha kichwa ili asalimiwe, kama watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wazee. Siku zote mkono wa Koko ulimgusa kichwani upesi. Siku hiyo ulichelewa.

Nyumbani, mamake alifika kutoka kazini akatia chai jikoni. Koko akaketi kwenye kochi na kuanza kuuliza maswali kwa upole. Alitaka kujua yule nyanya wa kwenye filamu alivaa shuka la rangi gani. Naserian akasema jekundu, maana mashuka mengi ni mekundu. Koko akauliza kama alikuwa mnene au mwembamba. Naserian akasema alikuwa wa katikati. Koko akauliza kama alikuwa na meno.

Hapo Naserian akasita. "Alikuwa nayo, Koko. Lakini si yote."

Koko alipitisha ulimi polepole juu ya meno yake, ambayo yote yalikuwapo na ambayo alijivunia sana. Akafungua mfuko, akatoa simu, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, kisha akamwonyesha Naserian picha. Ndani ya picha, Koko alikuwa amesimama mbele ya kamera kubwa, amevaa shuka la bluu, ameshika kamba ya mbuzi mweupe.

"Huyo nyanya ni mimi," akasema.

Mamake Naserian akazima jiko.

Ndipo Koko akaeleza. Vijana wale walikuja Kiserian kutafuta mahali pa kupigia filamu, wakakanyaga sukuma wiki zake. Aliwatolea maneno. Badala ya kukimbia, mwongozaji wao, msichana aliyeitwa Kakenya, alimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya kamera. Tangu siku hiyo, kila alipoaga kwamba anaenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, alikuwa anaenda kuigiza. Aliificha siri hiyo ili familia imwone kwa mshangao ukumbini. Alikuwa amekuja kuwaalika.

"Sasa sitakuja," Koko akasema. "Nitakaaje pale watu wakinihurumia?" Akampigia Kakenya simu hapo hapo, akamwomba amtoe kwenye filamu kama bado inawezekana. Kakenya alisikika akieleza kwamba haiwezekani. Akasema pia kwamba alikuwa ameshinda sokoni akigawa vikaratasi vya tangazo, na watu walikuwa wanamrudishia. Hakuelewa ni nani aliyewaambia kwamba mbuzi anachinjwa. Mbuzi hakuchinjwa. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha.

Naserian alitazama sakafu. Alitamani kuingia kabatini, na si kwa ajili ya kurekodi. Akakiri yote: mjomba hakuja, yeye hakwenda, na kila alichosema alikitoa kwenye bango. Alimwomba Koko msamaha huku akilia. Koko alisema tu kwamba amesikia. Asubuhi akarudi Kiserian.

Mamake hakumpigia kelele. Alimwambia kwamba watu walidanganywa kwa mdomo wake, na kwa hiyo mdomo huo huo ndio uende ukawaambie ukweli. Simu angepewa kwa kazi hiyo tu.

Kipindi kilichofuata kilikuwa kifupi kuliko vyote. Naserian alisema jina lake na kueleza kwamba hakuiona filamu, hakufika Kajiado, na kwamba mwigizaji aliyemkosoa alimzua tu kichwani, kisha ikawa kuna mama wa kweli aliyeumizwa na maneno hayo. Waruguru naye akakiri kwamba mbuzi aliyekufa alikuwa yeye.

Kisha wote wawili wakaenda saluni na kusimama pale kipindi kikichezwa, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kukirekodi. Yule mwanamke wa kuku akasema kwamba alilia mpaka kope zake za kubandika zikatoka, na sasa anaambiwa alimlilia Waruguru. Saluni nzima ikacheka, hata Naserian. Lakini Zipporah hakucheka. Alisema kwamba aliwafungulia watu kipindi kile kwa sababu aliwaamini, na kumwamini mtu tena huchukua muda.

Siku zilizobaki, kila baada ya masomo, wasichana hao walimsaidia Kakenya kugawa vikaratasi sokoni. Kila aliyewauliza kama filamu ni nzuri, Naserian alimjibu kwamba hajui, bado hajaiona. Watu wengi walishangazwa na tangazo la namna hiyo, wakachukua karatasi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wengi walikuja kumwona yule nyanya aliyekosolewa kabla ya kuonekana. Naserian alikaa karibu na mlango akiwatazama wote wanaoingia. Taa zilipokuwa karibu kuzimwa, mwanamke aliyejifunika leso kichwani mpaka machoni akaingia na kuketi mstari wa nyuma kabisa. Meno yake yalionekana alipomsalimu jirani yake, na Naserian akamtambua.

Filamu ilianza. Mbuzi alikula shela ya bibi harusi, kisha akala na barua ya mchungaji. Nashipai alijifunika uso kwa mikono akicheka, si akilia. Mwenye rungu alikuwa bwana harusi aliyemkimbiza mbuzi akaangukia kwenye sufuria ya pilau. Na nyanya alipotokea, akawafokea wageni wote kwa kukanyaga sukuma wiki zake, watu walipiga makofi mpaka maneno yake mengine hayakusikika. Naserian aligeuka nyuma. Leso ilikuwa imeshuka mabegani mwa Koko, naye alikuwa anacheka pamoja na wengine.

Jumapili baada ya ibada, mamake alimrudishia Naserian simu, naye na Waruguru wakarudi kabatini. Naserian alieleza alichokiona, hatua kwa hatua. Alifika kwenye sehemu moja akasimamisha simu. Katika onyesho la mwisho, wakati watu wote wanaimba, Koko alikuwa ameitazama kamera moja kwa moja na kutikisa kichwa kama anayejibu salamu, kosa ambalo mwigizaji hatakiwi kulifanya. Waruguru alishauri waiache sehemu hiyo, maana Koko ndiyo kwanza arudi kucheka nao. Naserian alifikiri sana. Kisha akaisema, pamoja na mengine yote mazuri, akasubiri simu ya Koko.

Simu ilikuja jioni. Koko alikuwa amesikiliza kwa jirani yake.

"Nilidhani yule kijana wa kamera ananisalimia," Koko akasema, na akacheka kwa muda mrefu. "Umesema kweli. Nikiigiza tena nitakumbuka."

"Hukukasirika, Koko?"

"Hapana. Siku ile hukuniumiza kwa kusema mimi ni mwigizaji mbaya. Pengine ni mbaya, watu waseme. Uliniumiza kwa sababu hukuwa umenitazama. Ulitaka tu uonekane unajua. Ukimsema mtu ambaye hukumwona, hata ukimsifu, hujampa kitu. Kwa hivyo tazama kwanza, mtoto wangu, halafu useme ulichokiona. Na kama hukuona, sema hukuona. Hakuna aibu hapo."

Naserian akasema amesikia, na alimaanisha hivyo.

Kisha Koko akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo dogo tu, "Na pale nilipowafokea wageni, ulipaonaje? Usinifiche."

Naserian akakaa vizuri kitandani, akaanza kumweleza.