Jina Ndani ya Kitasa

Magharibi ilikuwa imekaribia Ferdinand aliposhuka kwenye bodaboda Kinondoni, begi la vifaa begani. Alikuwa na haraka. Mwanawe wa pekee, Sesilia, mwenye miaka saba, alikuwa amemwacha Tandika kwa jirani, Mama Brightson, akiwa amemwahidi kurudi kabla hajalala. Tangu mkewe afariki, hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Leo unamaliza?"

"Leo leo."

Siku tatu alikuwa anahangaika na sefu la Bi Mwanakombo, dude la chuma la enzi za Wajerumani, lililoliwa na kutu mpaka kitasa kikagoma. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi jeupe, akalifuta kwa kitambaa. Alilipiga msasa, akalipaka rangi, akachonga ufunguo mpya kwa tupa. Mafundi wengine wangelikata kwa moto wakaenda zao. Yeye alipenda vyuma vya kale kupita kiasi, na kupenda huko ndiko kulikomponza.

Bi Mwanakombo aliketi mkekani na chetezo chake. Ubani ulijaa chumbani, lakini kutoka ndani ya sefu ilivuja harufu nyingine… harufu ya jasho la mtu.

Chini ya kibati cha kitasa, Ferdinand alikuta majina yamekwaruzwa kwa msumari. Twalib. Fransis. Albano.

"Hawa ni mafundi?"

"Waliolitengeneza," bibi alinong'ona. "Kila fundi huacha jina lake. Na wewe weka."

Fundi gani anakataa sifa? Akachukua msumari, akaandika alama aliyoiweka kwenye kila kufuli lililopita mikononi mwake, ile ile iliyopakwa rangi kwenye kibanda chake: SESILIA.

Bi Mwanakombo akavaa miwani. Akasoma.

"Ndilo jina lako?"

"La mwanangu, bibi. Mtaani wote wananiita Baba Sesilia, la kwangu nishalisahau."

Bibi akavua miwani. Angeweza kumzuia. Neno moja tu lilitosha, na msumari ulikuwa bado mkononi mwa fundi.

"Jina zuri," alisema. "Funga."

Ferdinand akarudisha kibati, akasukuma mlango. Ufunguo ukazunguka mara ya kwanza. Mara ya pili…

Ndani ya sefu, mtu akakohoa.

Simu ikalia. Mama Brightson alikuwa anapiga mayowe. "Baba Sesilia! Mtoto alikuwa hapa hapa anakula! Nimegeuka tu kuchota maji… mlango nimeufunga kwa komeo mie mwenyewe! Hayupo!"

Simu ikamdondoka.

"Baba?" Sauti ilitoka nyuma ya chuma. "Baba, mbona giza?"

Ferdinand aliurukia ufunguo. Ulizunguka, mlango haukusogea. Akanyakua nyundo na tindo.

"Ukivunja kitasa, unamuua," bibi alisema kwa upole, akiongeza ubani. "Kitasa kikiliwa na kutu, aliyemo naye anakwisha. Albano alidumu miaka thelathini na moja. Huyu bado mdogo, atadumu zaidi."

"Bibi, nichukue mie! Mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Mie nilikutaka wewe. Yeye umemleta mwenyewe."

Kwa nini sefu lile lazima liwe na mtu, hakumwambia. Alisema tu kwamba aliyakuta hivyo kwa bibi yake. Polisi walipoletwa waligonga chuma, wakasikiliza, hawakusikia kitu. Walimpa pole baba wa watu kwa kupotelewa na mtoto, wakaondoka.

Siku hizi Ferdinand huenda Kinondoni kila Ijumaa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Hukipaka kitasa tone kwa tone, akihofia hata mkwaruzo. Majirani humsifu jinsi anavyoipenda kazi yake. Akimaliza huweka shavu kwenye mlango, akamsimulia mwanawe habari za nyumbani, huku machozi yakimtoka.

Ijumaa iliyopita alisimulia mpaka koo likamkauka. Kisha ile sauti ndogo ikauliza, kwa adabu:

"Shikamoo. Wewe ni nani?"