Beleshi Kwenye Mnyororo

Jumatatu moja ya Machi 2006, saa moja na dakika kumi asubuhi, mashine ya Taranjit Singh ilikutwa imevunjika katika karakana yake ya Westlands. Ilikuwa ya kupakia makaa ya mawe chini mgodini: mikono miwili ya chuma huyakokota makaa, mnyororo huyabeba hadi kwenye behewa. Wanunuzi wangeiona saa nne. Sasa beleshi lilikuwa limekwama mnyororoni, mpini vipande viwili, bamba limepakwa herufi W.

"Wesonga," alisema Taranjit. "Kibarua wangu hapa, zamani alikuwa mpakiaji wa makaa migodini nje ya nchi. Anachukia mashine."

Kufikia saa tatu Wesonga alikuwa na pingu, na mkubwa wa Inspekta Nanjala alikwisha kupiga simu mara tatu: mtu afikishwe kortini leo leo. Nanjala alikereka. Mkubwa huyu hutaka kesi iive kabla haijainjikwa.

Mlinzi Waweru alibanwa kwa maswali, akashikilia neno lake. "Jana hakuna mtu aliingia, afande. Ni wenyewe tu, wenye karakana."

Ravneet, binti Taranjit, mchoraji wa ofisi ya juu, alikuwa na mengi zaidi. "Jumamosi saa kumi nilimwona kwa dirisha. Amesimama hapo kwa rundo ya makaa ya kujaribu mashine, anachota na hiyo beleshi, halafu akaenda nayo kwa mashine."

Nanjala aliviunga vipande vya mpini. Vilimfika kifuani. Akamfungua Wesonga mikono.

"Hebu chota, nione."

Wesonga alitoa beleshi jingine chini ya gunia, mpini wake mfupi kama mkono, akapiga magoti. Makaa yakaruka juu ya bega.

"Huko chini dari iko karibu, afande. Ukisimama unapasuka kichwa. Miaka kumi na moja nimepakia hivi. Hiyo ndefu si yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nanjala alijilaumu kimoyomoyo, kisha akamgeukia Ravneet. "Kila fundi hapa anajua Wesonga huchota kwa magoti. Ni mtu wa ofisi ya juu tu angenunua beleshi refu na kusema alichota amesimama. Na jana waliingia wenyewe."

Ravneet aliigusa mikono ya chuma ya mashine. "Hiyo mikono nilichora mimi. Miaka miwili! Daddy ameandikisha kwa serikali ni uvumbuzi wa Inderjit."

Inderjit, kaka yake anayeishi mtaa wa kitajiri wa Kitisuru, hakuwahi kushika hata spana.

"Na mimi nilikukosea nini?" Wesonga aliuliza.

"Inspekta," Taranjit alidakia, "hii ni maneno ya nyumbani. Tutamaliza sisi wenyewe."

"Na Wesonga mngemmalizia wapi?" Nanjala alifoka.

Ravneet alinyoosha mikono ifungwe, macho kwa baba yake.

"Andika Ravneet Kaur," alisema. "Kutengeneza, ametengeneza Inderjit. Kuvunja, nimevunja mimi."