Mkunazi wa Bi Mastura

Kila alasiri, baada ya sala, Suud alijaza ndoo bombani na kuumwagilia mkunazi mchanga uliokuwa uani kwao, mtaa wa Khoudh, pembeni mwa jiji la Maskati. Ilikuwa mwaka 1996. Nyumba za mtaa ule zilikuwa bado chache, na kila mtoto aliujua mlango wa mwenzake. Mkunazi ule uliota kutokana na kokwa ambayo bibi yake, Bi Mastura, aliiokota mlangoni pa nyumba aliyozaliwa, Unguja.

Mwezi wa Juni Bi Mastura alikwenda Makka kufanya umra. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mjukuu wake mti huo, naye Suud akaahidi kuutunza. Lakini Ghassan, mtoto wa jirani, alikuwa amenunuliwa mpira mpya, na kila Suud aliposhika ndoo, Ghassan alichungulia juu ya ukuta na kumtania kuhusu mti wake.

"Mkeo ana kiu tena?"

Wenzake walicheka. Suud akaiweka ndoo chini, akawafuata.

Jua la Juni halina subira. Alipoukumbuka mti, majani yalikuwa yamepukutika na shina limekauka. Alijaribu kuung'oa, mzizi ukakataa. Akaukata kwa kisu usawa wa ardhi, akapafukia kwa mchanga. Kisha akaenda bondeni, akang'oa mkunazi mwitu wa kimo kile kile, akaupanda pembeni yake.

Bi Mastura aliporejea aliuona mti una majani, akamvisha Suud kofia mpya mbele ya baba yake na kumsifu kwa kulinda amana. Siku chache baadaye mti ule wa bondeni ukanyauka. Bi Mastura hakumlaumu mtu.

"Kosa langu," alimwambia baba yake Suud. "Nimeuleta mbali mno. Mti wa Unguja haukuutaka udongo huu."

Suud hakuweza kuyastahimili maneno hayo. Alivua kofia, akaiweka mapajani mwa bibi yake, akakiri kwamba mti wake ulikauka na ule mwingine aliutoa bondeni.

Bi Mastura aliiweka kofia kando. "Ule wangu, uliung'oa au uliukata?"

"Niliukata, Bibi. Mzizi ulikataa kutoka."

"Basi lete ndoo."

Tangu siku hiyo Suud alimwagilia mchanga mtupu. Ghassan alisema sasa Suud anamwagilia kaburi la mkewe. Suud hakuiweka ndoo chini. Joto lilipopungua, chipukizi la kijani likatokeza palepale alipokata.

Bi Mastura aliinama, akalitazama, kisha akamrudishia kofia yake.

"Nnakwambia, baba," alisema, "mti ulioupanda kwa hila ulikuwa na majani, mzizi hauna. Huu ulikuwa na mzizi, majani hauna, nao ndio uliopona. Ukweli ndio mzizi wa mtu. Ukikosea, usiukate huo."

Leo Khoudh imejaa majumba. Lakini wakati ule, mkunazi ulipozaa kwa mara ya kwanza, Ghassan ndiye aliyewahi kufika na bakuli. Suud hakumnyima. Alimpa ndoo kwanza, aumwagilie mti.