Duara Jekundu

Cherehani nne zilikuwa zimetoweka. Juu ya meza ilibaki miraba minne isiyo na vumbi, na fundi mzee alisimama katikati ya karakana yake na futi shingoni, hajui aanzie wapi.

"Kufuli?" aliuliza inspekta.

"Zima, afande," alijibu sajini. "Limefunguliwa kwa ufunguo."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alisema fundi. "Mmoja hutundikwa nyumbani, nyuma ya mlango. Mwingine anao mdogo wangu, anayepelekea wateja nguo. Jana mimi nilikuwa msibani."

Hapo kesi ikaonekana imekwisha. Kabla ya saa sita mchana mdogo mtu alikuwa mahabusu, mshipi na kamba za viatu amenyang'anywa.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Shahidi wako?"

"Mto."

"Unafanya mzaha?"

"Nifanye nini, afande? Kaka yangu mwenyewe amenitaja."

Alama zake za vidole zilikuwa kila mahali, kama zilivyokuwa za fundi na za mkewe. Hazikusaidia kitu.

Ila kulikuwa na yale mashati. Kumi na sita, ya sare za shule, yalikuwa bado kwenye cherehani mwizi alipoingia. Yalikutwa kitini, yamekunjwa vizuri, na kila mshono ulioachwa njiani umebanwa kwa pini usipotee. Mwizi gani huyu mwenye huruma na mashati ya watu?

"Unajua kushona?" inspekta alimuuliza tena mtuhumiwa.

"Hata kifungo hunishonea shemeji."

Shemeji huyo, mke wa fundi, alimletea chakula kila siku. Alikabidhi bakuli kwa sajini, akaondoka bila kuinua macho.

Siku ya sita inspekta alirudi karakana. Mezani palikuwa na bahasha ya benki, imefunguliwa.

"Hii nini?"

"Taarifa ya kadi ya mkopo," alisema fundi. "Mambo hayo ni ya mke wangu, yeye ndiye waziri wa fedha. Cherehani tulinunua kwa kadi hiyo, milioni tatu. Miaka minne hajakosa tarehe hata moja! Mwezi huu tunamaliza, nami nipumzishe macho haya."

Chini ya meza kulikuwa na faili. Kila taarifa ilikuwa na duara moja la kalamu nyekundu, mahali palepale: malipo ya chini, laki moja. Kwingineko kalamu haikugusa. Inspekta alisoma kwingineko. Akasoma tena, polepole, maana kadi kama hiyo ilikuwa mfukoni mwake na taarifa zake alikuwa akizitupa bila kuzifungua.

Kisha akaichukua ile mpya. Jumatatu ya wizi, zilikuwa zimelipwa milioni moja na laki mbili.

Mke wa fundi hakusubiri aulizwe mara mbili.

"Niliziuza mimi," alisema, mikono juu ya meza ya kituo. "Nilichukua ufunguo nyuma ya mlango, nikaita gari la mizigo."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikwenda benki kulipa mara ya mwisho. Hata khanga mpya nilivaa. Binti wa dirishani akaniambia deni ni milioni tatu. Nikamwambia umekosea, nimelipa karibu milioni tano! Akanigeuzia karatasi."

"Hukujua laki moja ni malipo ya chini tu?"

"Nilijua ndiyo wanayodai. Waliandika 'lipa kabla ya tarehe', nikalipa kabla ya tarehe."

"Elfu tisini ilikuwa riba. Kumi tu ndiyo ilipunguza deni. Na mkinunua vitambaa kwa kadi, linarudi palepale."

"Sasa najua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningemwambia nini yule mzee? Kila mwezi namwambia karibu, karibu. Nilidhani zikiuzwa zitatosha, naye asijue. Mnunuzi akaona nina haraka, akanipa chini ya nusu."

"Na shemeji yako?"

"Nilisema mtamwachia. Hana hatia, mtamwachia tu. Kila asubuhi nilisema leo."

Inspekta aliandika maelezo, naye akatia sahihi kila ukurasa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nimebakiza kiasi gani?"

Inspekta angeweza kunyamaza. Akamsomea mstari wa chini kabisa, wenye herufi ndogo kuliko zote: deni milioni moja na laki nane, ukilipa malipo ya chini peke yake, ambayo hupungua kadiri deni linavyopungua, utamaliza baada ya miaka kumi na tisa.

"Nina sitini na tatu," alisema mama yule. "Na cherehani hakuna."

Mlango ulifunguliwa. Sajini alikuwa amemtoa mdogo wa fundi mahabusu, na fundi alikuwa nyuma yao, ameshaambiwa, anatazama sakafu. Mdogo mtu hakuwa ameambiwa kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani, akamkabidhi mama bakuli, limeoshwa.

"Asante, shemeji," alisema. "Kaka amenitaja, majirani wamenitaja. Wewe peke yako hukunidhania mwizi."

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Sajini akaenda kutafuta pingu.